Maswali yenu: Nikifa, macho na figo zangu ni za nani?

Toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu mtu kutoa viungo vyake akishakufa, ilikuwa kona ndogo tu chini ya ukurasa, na barua zilizokuja zimeshinda za presha na sukari zikiwekwa pamoja. Wengine mmeniombea dua, wengine mmeniambia niache kuwaletea watu mikosi. Nimechagua zile ambazo naona zinauliza maswali ya wengi, nimezifupisha kidogo na majina nimeyaacha. Mimi ni nesi, nimefanya kazi ICU miaka mingi, sio shekhe wala pasta wala wakili, kwa hivo pale kazi yangu inapoishia nitawaambia mwende kwa wenyewe.

Mume wangu ni dereva wa lori, huenda mpaka Malaba. Juzi tukiwa tunakula akasema akifa kwa ajali macho na figo zake zitolewe zisaidie watu. Mama mkwe akaacha kula. Akasema mtu huzikwa mzima na kwamba mwanawe anajiitia kifo. Tangu siku hiyo hanisemeshi, ati mimi ndo nimemfundisha. Sheria inasemaje na nifanye nini? – Msomaji, Wundanyi

Dada, pole kwanza kwa kununiwa kwa maneno ambayo hata hukuyasema wewe.

Sheria iko, na iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema mtu yeyote mwenye uwezo wa kuandika wosia anaweza kutoa mwili wake au kiungo fulani kitumike akifa, na anaweza kuandika kwenye wosia wenyewe, au akaandika karatasi akaitia sahihi pamoja na mashahidi wawili, au hata akasema kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili, na akibadilisha nia anaruhusiwa kuufuta. Kama amekufa hajasema lolote na hakukataza, jamaa wanaulizwa kwa mpangilio, anaanza mke au mume, alafu mtoto mkubwa, mzazi, mlezi, kaka au dada mkubwa. Kwa hivo hapo mezani, kama mlikuwa wewe na mama mkwe, mashahidi wawili tayari walikuwepo, tena mmoja wao ndiye huyo aliyeacha kula.

Lakini dada nisikudanganye, sheria ni kitu kimoja na mwili wa mtu kwetu ni kitu kingine. Wa rika langu tunaikumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, mkewe Wambui akasema marehemu mwenyewe alimwambia anataka azikwe shambani kwake Upper Matasia kule Ngong, ukoo wa Umira Kager ukasema mtu wao anazikwa Nyalgunga, Siaya, maiti ikakaa mochari karibu miezi mitano nchi nzima ikifuatilia kwenye magazeti, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga. Kesi hiyo haikuwa ya figo wala macho. Ila ilitufundisha wote kwamba maneno ya marehemu yakiwa yamesikika na mke peke yake, ukoo unaweza kuyafanya kama hayakusemwa. Na kaburi linaweza kungoja miezi mitano, kiungo hakingoji. Moyo ukishatolewa una masaa manne mpaka sita hivi uwe ushaingia kifua kingine, figo zikiwekwa kwenye baridi zinavumilia siku moja, zaidi ya hapo ni kubahatisha. Hakuna muda wa kwenda kortini, hakuna hata muda wa kungoja mjomba afike kutoka Taveta. Yule ambaye yuko pale kwenye benchi la hospitali wakati huo ndiye anajibu.

Hata upandikizaji wa moyo wa kwanza duniani ulitegemea mtu wa kwenye benchi. Ilikuwa Cape Town, hospitali ya Groote Schuur, Desemba 1967, msichana wa miaka 25 anaitwa Denise Darvall aligongwa na gari pamoja na mamake, mama akafa palepale. Madaktari wakaenda kwa baba yake, Edward, mtu ambaye siku hiyohiyo amempoteza mke na sasa anaambiwa binti naye hatarudi, wakamuomba moyo na figo. Akakubali. Moyo akapewa Louis Washkansky na Dk. Christiaan Barnard akaingia kwenye historia, figo moja akawekewa mtoto wa miaka kumi ambaye hakuwa mzungu, na hiyo ni Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Barnard anajulikana dunia nzima, lakini mimi kila nikisoma habari hiyo namfikiria yule baba kwenye korido.

Sasa kuhusu mama mkwe. Usiende kwake na sheria mkononi, utaonekana umekuja kumshtaki. Na usiongee wewe, aongee mwanawe, maana maneno ni yake. Hilo la kujiitia kifo mumeo anaweza kulijibu kwa upole kabisa: hapo kijijini kuna chama cha mazishi na mama mwenyewe huenda ni mwanachama, kila mwezi anatoa mchango wake, na hakuna anayemwambia anajiitia kifo. La kuzikwa mzima ni zito zaidi, liheshimuni. Ila na nyi ni Wataita, mnajua historia ya wazee wenu, walikuwa wakimzika mtu, baada ya muda wanafukua fuvu na kulipeleka kwenye pango la ukoo, na yale mapango mengine yapo mpaka leo. Hiyo ndo ilikuwa heshima yenyewe, na mwili haukubaki mzima kaburini. Mila ya kumzika mtu akae hivohivo milele ilikuja baadaye pamoja na misheni. Na hata sasa, mtu akifa kwa ajali au kwa kifo cha kutatanisha tunakubali apasuliwe na daktari wa serikali, anashonwa, anavalishwa suti, tunamuaga, na hakuna anayesema tumezika nusu.

Kitu kimoja mumeo akijue asije akabaki na picha isiyo sahihi. Figo zinazopandikizwa hapa kwetu zinatoka kwa watu walio hai, mara nyingi ndugu. Figo ya aliyekufa inataka mtu awe amefia ICU akiwa kwenye mashine ya kupumulia, timu ya upasuaji iko tayari na orodha ya wanaongoja iko tayari, na huko bado hatujafika. Macho ndiyo yanayowezekana sasa hivi. Pengine hata kwa mama mkwe mkianza na macho itakuwa rahisi, soma jibu la mwisho hapo chini.

Nafanya kazi Muscat. Apu ya Shifa ya Wizara ya Afya huku ina sehemu ya kujiandikisha kutoa viungo ukifa, na Waomani ninaofanya nao kazi wamejiandikisha. Nilipompigia babangu Mombasa akaniambia ni haramu, mwili ni amana ya Mungu. Nani yuko sawa? – Msomaji wa Kibokoni, sasa Muscat

Kaka, babako hajasema kitu cha ajabu. Kwamba mwili ni amana, hakuna Muislamu anayekataa, na wanavyuoni waliokataza wameshikilia hapohapo, pamoja na ile hadithi iliyopokewa na Abu Daud kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Kuna wakubwa waliokataza, hasa Bara Hindi, na vitabu vyao vinasomwa hata huku pwani, kwa hivo usimfanye mzee kama mtu asiyejua dini.

Lakini upande wa pili nao una uzito mkubwa. Baraza la wanavyuoni wakubwa Saudia lilijuzisha mwaka 1982. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah, ambalo lina wanavyuoni wa nchi nyingi, lilikaa mwaka 1988 likaruhusu kiungo cha maiti kuwekwa kwa aliye hai ambaye maisha yake yanategemea hicho, kwa sharti marehemu awe aliridhia alipokuwa hai au warithi wake waridhie, na isiwe biashara. Hoja yao kubwa ni ile aya ya Suratul Maida, mwenye kuokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Saudia, Oman na Imarati zote zinafanya upandikizaji kutoka kwa waliokufa, na hizo sio nchi za kuambiwa hazijali dini.

Pale ambapo mashekhe wengi wanasita, kwa vile nimewasikia mimi, sio kwenye kutoa bali ni kwenye kufa kwenyewe: je mtu ambaye ubongo umekufa lakini moyo unapiga kwa sababu ya mashine, huyo ni maiti? Baraza hilohilo lilikaa Amman mwaka 1986 likasema ndiyo, ubongo wote ukisimama kabisa na madaktari bingwa wakathibitisha haurudi. Wapo wasiokubali, wanasema mpaka moyo usimame. Huo mjadala ni wa haki na siwezi kuumaliza mimi. Ila angalia hili, jicho linatolewa baada ya moyo kusimama, mtu amekufa kwa kila hesabu, kwa hivo mjadala huo hauligusi kabisa. Na kama hofu ya mzee ni janaza kucheleweshwa, kazi ya macho haimalizi saa moja, inaisha watu hawajamaliza kukusanyika kwa ajili ya kuosha. Figo na ini ni habari nyingine, hizo zinaweza kuchukua siku nzima au zaidi kabla mwili kutolewa, na hilo mwambie ukweli usimfiche.

Nenda kwa shekhe ambaye wewe na babako nyote mnamkubali, mpigieni simu pamoja. Ukijiandikisha huko kimyakimya alafu ukafa, simu itakayopigwa ni ya babako, na atajibu vile anavyoamini.

Mimi ni mtu wa bodaboda hapa Langas. Wenzangu wanasema ukitembea na kadi ya kutoa viungo ukipata ajali daktari anakuacha ufe auze figo. Na vile mambo yalitokea hapa Eldoret 2025 nani atawaambia ni uongo? – Msomaji, Eldoret

Kijana wangu, wenzako hawana makosa kuogopa na mimi sitawaita wajinga.

Kwa ambao hawakufuatilia, mwaka 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani vilitoa ripoti kuhusu hospitali moja ya Eldoret, ikaelezwa kwamba vijana walikuwa wanalipwa pesa kidogo kutoa figo na wagonjwa kutoka nje wanalipa mamilioni. Hospitali ilikanusha, serikali ikasimamisha huduma za upandikizaji pale na kuunda kamati ya kuchunguza. Hao walikuwa watu walio hai, na kuuza kiungo ni kosa kwa sheria yetu, sio jambo moja na mtu kutoa bure akifa. Lakini ukimwambia mtu wa Langas kwamba hayo ni mambo mawili tofauti atakuangalia tu, maana yeye anachokumbuka ni kijana anayemjua ambaye sasa ana kovu ubavuni na hana pesa wala afya.

Na hofu hii haikuanza juzi. Sisi wa pwani tumelelewa na hadithi za mumiani, bibi anakukataza kutoka usiku usije ukanyonywa damu ikatengenezwe dawa, na wakati wa mkoloni Nairobi watu waliamini kabisa magari ya zimamoto yanabeba watu usiku. Wazungu wakacheka wakaandika ni ushamba. Mimi naona watu walikuwa wanasema kitu cha maana kwa lugha waliyokuwa nayo: kwamba wako chini ya watu wenye nguvu, hawaulizwi, na miili yao inatumika. Alafu ndugu zetu wenye ualbino wakaanza kuuawa Tanzania kuanzia 2007 hivi, mikono inakatwa ipelekwe kwa waganga. Ukija leo na fomu mkononi unamwambia mtu akupe kiungo chake, hayo yote yanasimama mbele yake.

Sasa nikujibu swali lenyewe, daktari ataniacha nife? Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inasema daktari anayethibitisha kifo haruhusiwi kuhusika na kutoa kiungo wala na kumtibu atakayekipokea. Timu ya ICU haijui figo inaenda kwa nani na haipati chochote. Tena mtu anayeachwa afe hana faida kwa yeyote, kiungo kinachofaa ni cha mtu aliyepambaniwa mpaka mwisho, presha yake imeshikiliwa, oksijeni iko sawa. Ukifia barabarani Langas hakuna wa kuitaka figo yako.

Na kuthibitisha kwamba ubongo umekufa sio daktari kupita mlangoni akatingisha kichwa. Acha nikwambie vile inafanywa. Kwanza wanahakikisha hakuna dawa ya usingizi mwilini na mgonjwa hajapoa, sababu hivo vinaweza kudanganya. Wanamulika tochi machoni, mboni hazisinyai. Wanagusa jicho kwa pamba, kope haitikisiki. Wanatia maji ya barafu sikioni, macho yanabaki palepale. Mpira mwembamba unaingizwa mpaka ndani ya njia ya hewa, hakohoi. Mwisho wanaiondoa mashine ya kupumulia, oksijeni bado inapita kwenye mpira, wanamfunua kifua na wote wanasimama wanakitazama, dakika nane mpaka kumi, hakuna anayeongea, na damu inapimwa kuona hewa chafu imepanda kiasi gani maana hewa hiyo ikipanda ubongo ulio na uhai hata kidogo lazima uvute pumzi. Kifua kisipoinuka, huyo amekufa. Koma ni kitu kingine kabisa, mtu wa koma anaweza kuamka, wa ubongo kufa haamki, na hapo ndipo watu wengi wanachanganya.

Lakini mimi sikwambii hayo ili ukatafute kadi kesho. Nakwambia ujue namna inavyotakiwa kufanywa, ili siku hospitali ikianza utajua cha kuidai. Uhispania ndio wameongoza dunia kwa miaka mingi kwa viungo vya waliokufa, na sheria yao ya 1979 inasema kila mtu ni mtoaji asipokataa, ila madaktari wao bado wanaiuliza familia kila mara. Kilichowainua ni kwamba tangu 1989 walijenga shirika la taifa na kuweka ndani ya hospitali watu waliosomea kukaa na familia iliyofiwa, na hesabu zote ziko wazi. Watu waliaminiwa kwanza wakaambiwa ukweli, ndo wakatoa. Kwetu tunataka kuanza na fomu.

Niko Leicester. Kakangu alivuja damu kwenye ubongo, madaktari wakasema amekwisha, akaja nesi wa mambo ya viungo akatuuliza. Mama alikuwa kwenye simu kutoka Tanga, akasema mwanangu arudi kama alivyoondoka. Tukakataa. Sasa naona matangazo kwamba watu weusi ndio wanangoja sana na roho inaniuma. Tulifanya dhambi? – Msomaji, Leicester

Hapana mdogo wangu. Hamkufanya dhambi na hamkumuua mtu.

Mama aliyeko Tanga, hajamuona mwanawe, hajamshika mkono, anasikia sauti tu kwenye simu kwamba amekufa lakini moyo unapiga, ulitaka ajibu nini? Mimi nimekaa na mama wa namna hiyo, ameketi sakafuni nje ya ICU na leso imefunika kichwa, na kila daktari akitoka anamuuliza "anapumua?" na daktari anasema mashine inampumulia na yeye anasikia neno moja tu, anapumua. Kumuuliza mtu swali kama hilo kwa mara ya kwanza maishani mwake katika saa hiyo, hapo ndipo ugumu ulipo. Jibu lake lilikuwa la mapenzi.

Hata sheria ya huko imeliona hilo. England tangu 20 Mei 2020 mtu mzima anahesabiwa amekubali kama hakukataa, lakini bado familia inakaa chini na kuulizwa, na ikikataa kwa nguvu viungo havichukuliwi. Na mamlaka yao ya viungo inasema wanapojua marehemu alitaka nini, familia tisa kati ya kumi zinakubali. Wasipojua idadi inashuka sana. Kakako alikuwa hajasema, mlibaki mnakisia, na mtu anayekisia wakati wa msiba atachagua lile lisilomuumiza zaidi.

Hilo la watu weusi kungoja sana ni kweli, maana figo inatakiwa ifanane na chembechembe za mwili wa mpokeaji na mara nyingi mfanano unapatikana kwa watu wa asili moja, na familia zetu huko zinakubali mara chache. Ukiona roho inakusukuma, jiandikishe wewe, kubali au kataa, yote mawili yanaandikika. Alafu mpigie mama siku ya kawaida tu, siku ambayo hakuna mgonjwa, umwambie. Usimwambie kwamba walikosea kwa kakako. Mwambie habari yako wewe.

Marehemu baba alizuiwa mochari wiki mbili juu ya bili ya hospitali, tulifanya harambee mara mbili. Leo nije niwape figo bure? Wangesema tukitoa viungo wanalipa mazishi, hapo tungeongea. – Msomaji, Kisumu

Kulipa mazishi ili upewe figo ni kununua figo, na tukifungua mlango huo atakayetoa ni maskini siku zote na atakayepokea ni tajiri siku zote. Hapo siko na wewe.

Lakini kwa hilo la kwanza niko na wewe mia kwa mia. Mahakama zetu zimeshasema zaidi ya mara moja kwamba maiti sio dhamana ya deni, na bado mambo haya yanaendelea, familia inalala nje ya geti la mochari na kila siku bili inaongezeka. Hospitali inayoshika maiti ya mtu kama rehani haina mdomo wa kuiomba familia hiyohiyo kiungo. Kama ningeulizwa na wizara, sharti la kwanza la kuruhusiwa kufanya upandikizaji ningeweka hilo: hospitali iwe haijawahi kuzuia mwili wa mtu. Mashine na madaktari vingefuata baadaye.

Nina miaka 71, navaa miwani na nilitolewa mtoto wa jicho. Nimesoma kona yako nikapenda. Macho haya yamechoka yatamfaa nani? – Mzee, Malindi

Mzee wangu, shikamoo. Yanaweza kufaa sana.

Kinachotolewa na kupewa mtu mwingine ni konea, ile ngozi angavu ya mbele kabisa ya jicho, iko kama kioo cha saa. Miwani ni shida ya kuona, mtoto wa jicho ulikuwa kwenye lenzi ya ndani, na konea ikiwa safi hayo hayaizuii. Umri wako sio kizuizi pia, watakaoipima ni wataalamu. Haina mishipa ya damu, kwa hivo hata grupu ya damu kwa kawaida haitakiwi kufanana. Wanaokataliwa ni waliokuwa na maambukizi kama ukimwi, homa ya ini au kichaa cha mbwa, na damu lazima ipimwe. Kazi hii ni ya zamani kuliko figo na moyo, konea ya kwanza kufanikiwa ilipandikizwa mwaka 1905. Sri Lanka, kisiwa cha watu sio matajiri, wamekuwa wakizituma nchi za nje tangu 1964, wengi wao ni Wabudha na wanaona ni sadaka ya mwisho. Sisi huku tumekuwa tukiziagiza kutoka nje, na vijana wetu wanaongoja ni wengi, hasa wale ambao macho yaliwawasha tangu utotoni wakayasugua mpaka konea ikachongoka.

Inatolewa hivi. Fundi wa benki ya macho anakuja pale mwili ulipo, anasafisha uso kwa dawa, anafunika kwa kitambaa na kuacha jicho tu. Anakata duara dogo la mbele kwa mkasi mwembamba, analiweka kwenye chupa ndogo yenye maji ya rangi ya waridi, na hapo linakaa kwenye friji hadi wiki mbili. Pale lilipotoka anaweka kifuniko cha plastiki chenye umbo la jicho, anashusha kope. Watu watakaokuja kukuaga hawataona tofauti yoyote.

Benki ya macho iko Nairobi, kwenye hospitali ya macho ya Lions SightFirst kule Loresho, na kwa wewe uliye Malindi nikwambie wazi umbali ni tatizo, kwa hivo waulize mapema kama wana mtu wa pwani, usingoje. Andika karatasi yako, mashahidi wawili wasaini, nakala moja apewe mtoto anayeishi na wewe na nyingine yule anayeongea sana kwenye vikao vya familia. Ikifika siku, konea inataka itolewe ndani ya masaa sita hivi. Wafunge kope, waweke pamba yenye maji safi juu yake, kichwa wakiinue kwa mto, na feni waizime kwa sababu upepo unakausha. Na simu ipigwe na mtu wa familia sio jirani, maana wataulizwa idhini hapohapo.

Barua za sukari ya waja wazito nimezipata, nazijibu toleo lijalo.